Akaunti ya Marehemu

Ujumbe wa kwanza ulikuja saa saba mchana, ndani ya ombi la hataza la mteja aliyeitwa Mkunga, kwenye kisanduku cha maoni ambacho hakuna aliyewahi kukijaza. Uliuliza neno moja tu: "Umekula?"

Wakala aliusoma mara mbili, kisha akaangalia jina la mwandishi. Lilikuwa la mkewe. Na mkewe alikuwa na miezi kumi na moja kaburini.

Mtu mwingine angetoka mbio na viatu mkononi. Yeye alilia, akapangusa kamasi, akajibu: "Bado."

Tusimcheke. Wawili hao walikuwa wameiendesha ofisi ile ya vyumba viwili kwa miaka ishirini, wakiwaandikia wabunifu maombi ya hataza, hati inayomlinda mtu asiibiwe alichokibuni kwa akili yake. Maombi yalipoanza kutumwa kwa mtandao, mke ndiye aliyejifunza. Mume alibaki na kalamu yake na ubishi wake. Kwa hiyo kila kitu kilipitia akaunti ya mke. Alipofariki ilitakiwa ifungwe, ila fomu ya kuifunga ilidai sababu, na sababu iliyofaa ilikuwa moja tu, "Amefariki". Mkono wa Wakala ulikataa kuibonyeza. Basi akawa anaingia kwa neno la siri la marehemu na kuwaandikia wateja kwa jina la marehemu, tena kwa upole ule ule wake. Aliyepiga simu kumuulizia aliambiwa amepumzika kidogo. Wateja wa mbali hawakujua kama kuna msiba. Kila baada ya miezi mitatu tovuti ilitaka neno jipya la siri, naye alilibadilisha kwa uangalifu kama anayebadilisha shuka za mgonjwa.

Sasa kila saa saba mchana walizungumza. Maandishi yale yalijua safari zao zote, ugomvi wao wa rangi ya mapazia, hata jina la mtoto waliyemzika akiwa na siku tatu. Wakala akaanza kunyoa ndevu tena. Chumba kilipoanza kunuka udongo mbichi alifungua dirisha, akaendelea kuandika. Alikuwa na furaha, na furaha ya mfiwa haiulizi maswali.

Wiki ya tatu, ombi la mteja mmoja likaondolewa. Kesho yake, la pili. Ombi likishaondolewa halirudi tena, na akitokea mwingine na wazo lile lile, linakuwa lake. Tovuti iliwaruhusu wawili tu kufanya hivyo: wakala, au mbunifu mwenyewe kwa akaunti yake. Wakala hakuwa ameondoa kitu, na wabunifu walikuwa wakimlilia kwenye simu. Lililofuata kwenye orodha lilikuwa ombi la Mkunga, bibi mstaafu aliyeshona mfuko wa kuwatunzia joto watoto wanaozaliwa kabla ya wakati wao. Mfuko ule aliufikiria miaka thelathini wodini, kwa ajili ya vichanga waliopoa mikononi mwake.

Maji yakiwa shingoni, Wakala alimwita shemeji yake, mdogo wa marehemu, fundi wa usalama wa mitandao.

"Shemeji, kompyuta hii mliinunua au mlimrithi Nuhu?" Fundi alitania huku akiketi. Alichunguza kwa nusu saa, na utani ukamwisha.

"Nani anakaa hapa saa saba?"

"Mimi peke yangu."

"Hakuna mdukuzi wa nje, shemeji. Maombi yameondolewa hapa hapa, kwenye meza hii, kwa akaunti ya dada." Akashusha sauti. "Mbona akaunti ya dada bado iko wazi?"

Wakala hakuwa na pa kujificha. Alimwonyesha mazungumzo yote. Fundi aliyasoma hadi mwisho.

"Huyu si dada."

"Anajua kila kitu chetu."

"Anajua kilichoandikwa. Haya yote yamo kwenye barua pepe zenu. Muulize kitu ambacho hakikuandikwa popote."

Saa saba ilipofika, Wakala aliandika kwa vidole vizito: "Siku ya mwisho hospitalini, uliniambia nini?"

Vitufe vikaanza kubonyea vyenyewe, kimoja kimoja, mbele ya macho yao, na harufu ya udongo ikapanda hadi kooni, na kwenye kioo yakatokea maneno "Nilisema nakupenda", yakafutika, yakaja "Nilisema tutaonana", yakafutika, kisha "nilisema nilisema nilisema" yakajaza ukurasa mzima, vitufe vikigonga upesi kuliko vidole vya binadamu yeyote, hadi ukurasa wa kuondoa maombi ukafunguka wenyewe na jina la Mkunga likakaa juu yake.

"Hakusema kitu," Wakala alinong'ona. "Hakuweza. Alinishika kidole tu."

"Ifunge, shemeji! Mlango umeufungua wewe, mimi hautanitii!"

Wakala alifungua ile fomu na kubonyeza "Amefariki". Alihisi anamzika mkewe mara ya pili, na safari hii bila watu wa kumshika mkono. Vitufe vikatulia. Harufu ikatoweka. Ombi la Mkunga lilikuwa salama mahali pake. Na shemeji wawili wale, ambao msibani walishindana kujikaza kiume, walikumbatiana wakalia hadi jioni.

Kesho yake asubuhi Mkunga aliingia ofisini mwenyewe, amesafiri tangu alfajiri, mfuko wake wa mfano kwapani na tabasamu usoni.

"Nimekuja kumshukuru mama," alisema. "Tumeandikiana sana, lakini sijawahi kumwona."

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Wakala alisimama, na kwa mara ya kwanza akalitamka kwa mdomo wake.

"Amefariki, bibi. Mwaka unakaribia. Nisamehe, nilikuficha."

Tabasamu la Mkunga lilififia polepole. Alimtazama kama anavyotazamwa mgonjwa wa homa.

"Amefariki vipi, mwanangu? Kanipigia simu saa hizi, nikiwa njiani. Kasema akaunti yenu imefungwa, akaniomba neno la siri la akaunti yangu."

Wakala alishika ukingo wa meza. "Bibi, hukumpa?"

"Ningemnyimaje?" alisema Mkunga. "Mwaka mzima huu kaniandikia kwa upole kuliko wanangu wa kuzaa."