Baba Alinitubisha kwa Kifo cha Mama

"Sema, Séverine! Waambie ulimuua nani!"

Baba amenishika kisogo kwa nguvu mbele ya kanisa zima. Nimepiga magoti, machozi yanadondoka sakafuni...

"Nilimuua mama yangu."

Watu wakaguna. Baba akatabasamu!

Wapendwa, hii ni Katumba, makazi ya sisi wakimbizi wa Burundi huko Mpanda, mwaka 1995. Baba yangu, Callixte, ni mzee wa kanisa. Na maneno hayo nimeyasema kila mwaka tangu nikiwa mtoto wa miaka minane!

Kosa langu? Nilicheza ngoma kwenye harusi ya jirani. Wiki ileile mama akaondoka, baba akatutangazia kwamba amefia Kigoma.

"Mungu kamchukua kwa sababu ya kiuno chako," akaniambia.

Nikaamini! Mtoto ataacha kuamini vipi, jamani? Nikicheka tu, nakimbilia nyuma ya nyumba kutubu.

Siku hiyo nilipotoka kanisani, mama mmoja mgeni akanivuta pembeni. Specioza, muuza dagaa kutoka Ikola.

"Binti, mama yako ni nani?"

"Marehemu Providence."

"Marehemu?! Providence mwenye pengo, wa hapa Katumba? Mbona juzi nimemwacha anaanika dagaa!"



Sikuomba hata kibali cha kutoka makazini. Nikadandia lori pamoja naye mpaka Ikola, ziwani.

Mama aliponiona, ungo ulimponyoka.

"Mwana wanje! Mwanangu!"

Tulilia mpaka sauti zikakauka. Kisha akanieleza. Baba alikataza dawa nyumbani, maombi tu. Mama akazidiwa na malaria, akaenda zahanati kwa siri. Baba alipojua, akasema amemkana Mungu, akamfukuza.

"Akaniambia nyie wanangu hamtaki hata kunisikia."

Machozi yangu yakakauka palepale. Ikabaki hasira.

"Mama, Jumapili hii baba anaoa mjane mmoja pale kanisani. Twende."

"Sitaki vita, mwanangu."

"Mimi nataka!"

Jumapili ikafika. Mchungaji Libérat akauliza kama kuna mwenye pingamizi.

Nikaingia nimemshika mama mkono.

"Mimi hapa! Na huyu ndiye niliyemuua!"

Kanisa lililipuka! Bibi harusi akavua shela, akamtupia baba usoni.

"Séverine, mwanangu... tuyamalize nyumbani," baba akanong'ona.

"Mbona yangu hukuyamaliza nyumbani? Piga magoti! Sema!"

Akapiga. Akasema yote, kamasi zinamtoka. Nami nikacheka mbele yake, kwa sauti!

Nikadhani yameisha. Kumbe mama alikuwa anamtazama mchungaji...

"Na wewe Libérat, mbona kimya? Si wewe uliyenipandisha lori la Ikola ukaniambia nisirudi?"

Jamani!

Mchungaji alitorokea dirishani. Biblia aliiacha.

Wote wawili walivuliwa uongozi. Baba alikufa miaka mitatu baadaye. Aliniita kitandani kwake, sikwenda.

Mnisamehe, siwezi kudanganya. Mpaka leo nikipata furaha kubwa, moyo unaniuliza: sasa atakufa nani? Mama yuko hai, ninamtunza mwenyewe, lakini swali halitoki.

Wazazi, mfundisheni mtoto kumpenda Mungu. Msimgeuze Mungu kuwa fimbo ya kumchapia. Kidonda cha fimbo hiyo hakionekani, na hakuna zahanati inayokitibu.