Kigari cha Baba Mkubwa

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alishuka bondeni kukata majani ya ng'ombe, akayashindilia kwenye toroli, kisha akalisukuma kupanda mlima hadi zizini kwao. Jina hilo alipewa na bibi yake kwa sababu ya domo lake lisilopoa. Upande wa pili wa ua aliishi binamu yake, msichana wa rika lake, ambaye maneno yake yalikuwa machache hata wakamwita Kimya. Baba zao walikuwa ndugu. Baba yake Kimya ndiye aliyetangulia kuzaliwa, kwa hiyo Chiriku alimwita Baba mkubwa.

Wasichana hao walikuwa wakisukuma matoroli yao sambamba. Chiriku alipiga soga njia nzima, Kimya akicheka mpaka majani yanamwagika. Walifika shuleni na matope miguuni, nao hawakuona neno.

Mambo yalibadilika siku Baba mkubwa alipoleta kigari cha umeme. Kilikuwa cha kijani, chenye magurudumu manene, viti viwili mbele na bodi ndogo ya mizigo nyuma. Hakikunguruma wala kutoa moshi. Jioni kilichajiwa bandani kama simu, na asubuhi kilipanda mlima na magunia ya mbolea bila kutweta.

"Mgongo wangu sasa utapumzika," alisema Baba mkubwa, akikipigapiga ubavuni kama ng'ombe aliyemzoea. Kisha akamgeukia binti yake. "Kuendesha ni kazi yangu. Wewe kazi yako ni kukiosha na kukichomeka kwenye chaji kila jioni. Umesikia?"

"Nimesikia, baba," alijibu Kimya, macho yakimng'aa.

Tangu siku hiyo Chiriku alipanda mlima peke yake. Kigari kilimpita, Kimya ameketi mbele karibu na baba yake, nguo safi, viatu safi. Siku ya kwanza kilisimama.

"Weka majani yako humu, mwanangu," Baba mkubwa alimwita. "Tutakushushia kwenu."

"Asante, Baba mkubwa. Nimeshafika," alijibu Chiriku, ingawa kwao kulikuwa bado mbali.

Kimya akashuka. "Basi nikusaidie kusukuma."

"Nani kakwambia mikono yangu imevunjika? Rudi kwenye gari lako, usije ukachafuka."

Kimya alibaki ameduwaa njiani. Chiriku akampa kisogo, akasukuma toroli kwa hasira hadi viganja vikamwaka moto.

Nyumbani alimkuta mama yake akikamua.

"Mama, na sisi tutanunua lini?"

"Tutanunua nini?"

"Kigari."

Mama alicheka bila kuacha kukamua. "Baba yako akisikia hivyo atazimia. Baba mkubwa wako amekiwekea akiba miaka. Lete majani, ng'ombe ana njaa."

Shuleni ndiko kulikomuuma zaidi. Zamani wakati wa mapumziko wenzake walimzunguka yeye, wakisubiri vituko vyake. Sasa walimzunguka Kimya. Eti kinakwenda kasi gani? Eti kina honi? Kimya, ambaye hata jibu la hesabu alilitoa kwa kunong'ona, sasa alisikilizwa kama mwalimu mkuu. Chiriku alisimama pembeni akitafuna mkate ambao haukuwa na ladha. Jambo hilo lilimkaa rohoni kama mwiba. Alikichukia kigari, akachukia rangi yake, akachukia hata namna Kimya alivyokuwa akijifuta vumbi kwenye sketi.

Jioni moja mama alimtuma kwa Mama mkubwa, mama yake Kimya, kurudisha ungo. Alipopita bandani aliona mlango u wazi. Kigari kilikuwa kimeegeshwa, waya wake umechomekwa ukutani, na taa ndogo ya kijani inawaka na kuzimika. Hapakuwa na mtu.

Chiriku alitazama nyuma. Akaingia. Mkono ulinyooka kama si wake, ukabonyeza swichi ya ukutani. Taa ikazimika.

"Kesho na watembee kwa miguu, waone," alijisemea, akatoka mbio. Ungo aliuacha kibarazani bila hata kubisha hodi.

Asubuhi, akiwa bondeni na mundu mkononi, aliona kigari kikipanda kutoka mtoni, Baba mkubwa na Kimya mbele, na nyuma pipa la maji la kunyweshea miche. Kilipofika penye mwinuko mkali kilipunguza mwendo, kikajikongoja, kikasimama. Chiriku aliuma midomo asicheke.

Baba mkubwa alishuka. Alifunga breki, akaweka mawe nyuma ya magurudumu, kisha akafungua kamba ili alishushe pipa na kupunguza uzito. Pipa likamponyoka. Chiriku alisikia kishindo, na baada ya kishindo, ukelele.

Alitupa mundu akakimbia. Baba mkubwa alikuwa amekaa chini, ameshika mguu, jasho linamtiririka. Kimya alikuwa analia huku anajaribu kulisukuma pipa kando. Wakalisukuma pamoja.

"Hukuchomeka!" Baba mkubwa alimkaripia binti yake kwa uchungu. "Kazi moja tu nimekupa, na hiyo imekushinda!"

Kimya alifungua kinywa, akamtazama Chiriku, akakifunga.

Zahanatini walisema mfupa wa wayo umevunjika. Baba mkubwa akafungwa plasta, akaambiwa asikanyagie mguu huo mpaka upone. Kigari kikafungiwa bandani. Kimya sasa aliteka maji ya miche kwa ndoo, asubuhi na jioni, akapanda na kushuka mlima hadi shingo ikakakamaa. Darasani alisinzia.

Chiriku, kwa upande wake, alipata tena kile alichokitamani. Wenzake walimzunguka kutaka kusikia ajali ilivyokuwa, naye akasimulia kwa mikono na macho, akaliigiza hata pipa. Walimsikiliza wakiwa wameachama.

"Sasa nani alisahau kuchaji?" mmoja akauliza.

Kimya alikuwa amesimama nyuma yao. Chiriku alimwona, na ulimi ukaponyoka.

"Si huyo hapo."

Wote wakageuka. Mmoja akaguna. Kimya aliinamisha kichwa, akaenda zake nyuma ya darasa, na Chiriku akagundua kwamba hana tena hamu ya kuendelea na hadithi.

Alimfuata. "Mbona hujitetei?"

"Nijitetee niseme nini?" Kimya alijibu. "Kwamba nilikuona ukitoka bandani unakimbia? Nilidhani ulikuja kukitazama tu, sikwenda kukagua. Ningesema, baba angegombana na baba yako. Nami nisingekuwa na wewe tena. Lakini leo umenisema mbele ya watu, Chiriku."



Baada ya masomo Chiriku hakupita kwao. Alikwenda moja kwa moja kwa Baba mkubwa, akamkuta barazani ameweka mguu juu ya kigoda, mama yake Chiriku yuko hapo amekuja kumjulia hali.

"Shikamoo, Baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekunja uso?"

"Kimya alichomeka. Mimi ndiye niliyezima swichi." Machozi yakamzidi. "Nilikuwa naona wivu."

Mama alishika kinywa. "Ewe mtoto! Umetaka kumuua baba yako mkubwa?"

"Mwache kwanza," alisema Baba mkubwa. Aliitazama plasta yake. Halafu akamwita Kimya. "Binti yangu, nimekukaripia bure. Nisamehe. Na mimi nina kosa langu, maana kipimo cha chaji kilikuwa mbele ya macho yangu na sikukitazama."

Kimya aliitikia kwa kichwa. Chiriku akamgeukia.

"Nisamehe, ndugu yangu. Kesho nitawaambia darasa zima."

"Na ndoo?" Kimya akauliza, akijifuta machozi.

"Ndoo nitabeba mimi."

"Mtabeba wote wawili mpaka mguu huu upone," alikatiza Baba mkubwa. Kisha akamvuta Chiriku karibu. "Sikiliza, mwanangu. Kutamani kitu cha mwenzako kunaweza kumpata mtu yeyote. Hata mimi niliwahi kuvitamani vya watu. Ubaya unaanza pale unapotaka mwenzako akikose. Siku nyingine roho ikikuuma, usinyamaze nayo. Njoo useme, 'Baba mkubwa, na mimi natamani kupanda.' Kiti kile ningekupa siku hiyohiyo. Na ukikosea, sema mapema. Ungesema siku ile ile, mwenzako asingeteseka hivi."

"Nimekuelewa, Baba mkubwa."

"Haya, nendeni mkateke maji. Miche haitungoji sisi tumalize kulia."