Kidole Gumba cha Bi Mwajabu

Jirani zangu wa Temeke, na nyie wengine mtakaosoma au kusomewa maneno haya, hadithi hii haikutoka katika nyumba ya mtu mwingine. Imetoka katika nyumba yangu. Ningeweza kubadilisha majina nikasema palikuwa na mwanamke fulani. Lakini mwanamke huyo ni mimi, na nimekwisha kujificha vya kutosha.

Ilikuwa miaka ile ya kisomo cha watu wazima. Kila alasiri, vyombo vikishaoshwa, akina mama wa mtaa wetu tulikwenda kwenye banda la tawi la chama na madaftari yetu kwapani. Mwalimu wetu, Gregori, alitoka upande wa Masasi. Alikuwa mpole. Mama mmoja alipokuwa akisinzia kwa uchovu wa shamba la Mbagala, Mwalimu alishusha sauti yake ili asimwamshe. Kuna walimu wangapi wa namna hiyo?

Siku niliyoandika jina langu kwa mara ya kwanza, Mwajabu binti Hemedi, darasa zima lilinipigia vigelegele. Mwalimu akasema, "Bi Mwajabu, kuanzia leo kidole gumba chako kina kazi ya kushika kalamu. Wino wa mhuri hakiuhitaji tena." Nilirudi nyumbani nikamwonyesha mume wangu, Fakihi. Alicheka akasema sasa nitaanza kumwandikia hati za kumwita barazani.

Mwalimu alitupa zoezi la kila siku: andika mistari miwili ya jambo uliloliona leo. Nyumba yangu ilitazamana na lango la nyuma la zahanati ya mtaa, basi mimi niliandika ya langoni. Niliandika kuhusu kuku na mvua. Halafu nikaandika hivi: "Leo Jumanne. Mkokoteni umetoka na makopo ya maziwa ya watoto." Jumanne iliyofuata niliandika vilevile, na nyingine tena. Sikuwa na nia yoyote. Nilikuwa nafanya zoezi.

Mwaka ule chakula kilikuwa shida, na maziwa yale ya unga yaliletwa kwa ajili ya watoto waliodhoofu. Mama akienda kliniki Jumatano na mtoto aliyevimba miguu, aliambiwa yamekwisha. Mwalimu aliposoma daftari langu aliniuliza kama ni kweli nimeyaona. Nikasema nimeyaona kwa macho yangu. Akanirudishia daftari.

Majuma mawili baadaye barua yake ilitoka gazetini, katika ukurasa wa wasomaji. Aliuliza maziwa ya watoto wa mtaa wetu yanakwenda wapi kila Jumanne, na msimamizi wa zahanati, Bwana Leonardi, ana jibu gani. Jina langu hakulitaja. Aliweka lake peke yake.

Mtaa mzima ulifurahi. Watu walilizungusha gazeti lile hata likachanika kwenye mikunjo. Furaha yetu haikumaliza mwezi. Mwalimu Gregori alishtakiwa mahakamani kwa kosa la kashfa, kwamba amemchafua mtu kwa maandishi. Gazeti lilisema barua ya msomaji ni ya msomaji mwenyewe. Mwalimu akishindwa kesi, atafungwa yeye.

Wakili aliyejitolea kumtetea aliitwa Revelian, mtu wa Bukoba, ofisi yake ilikuwa Kinondoni. Kazi yake hasa ilikuwa hiyo, kuwatetea watu walioandika gazetini wakaingia matatani. Nilikuwa nadhani wakili ni mtu wa kupiga kelele mahakamani. Huyu kazi yake nyingi niliiona kwenye nyua zetu. Alikuja Temeke na mkoba wake, akipita nyumba hadi nyumba. Alivua viatu mlangoni. Alikunywa chai yangu isiyo na sukari akaisifu, na nilijua ni adabu tu, lakini adabu nayo ni zawadi.

Alitueleza kwa lafudhi yake ya Bukoba kwamba sheria haimfungi mtu aliyeandika kweli kwa faida ya watu. "Ila kweli haina miguu, mama," aliniambia. "Haiwezi kuingia mahakamani mpaka mtu aibebe."

Watu saba, ukiniacha mimi, walimwahidi kuibeba. Mmoja akasafiri. Mmoja akasema macho yake hayaoni mbali. Wengine walipomwona na mkoba wake waliingia ndani wakafunga mlango. Nikabaki mimi. Nilimkabidhi daftari langu kwa mikono miwili nikamwambia, "Mie nipo, baba. Hayo nimeyaandika mwenyewe." Siku ile nilikuwa jasiri. Ujasiri wa kabla ya kuogopeshwa ni rahisi, wajukuu zangu.

Siku tatu kabla ya kesi, Bwana Leonardi alikuja nyumbani. Msidhani alifoka. Alinisalimia vizuri, akaulizia mguu wa Fakihi. Mume wangu alikuwa mlinzi wa lango la zahanati ile, na kazi ile alipewa na Leonardi mwenyewe baada ya kuumia mguu kule Kurasini, kwenye upakuzi wa mizigo. Leonardi aliketi, akasema maneno haya polepole.

"Samansi ya mahakama haikwepwi, mama, wewe nenda tu. Wakikuuliza, sema hujui kusoma. Mama wa umri wako, nani atabisha? Fakihi naye atabaki na lango lake."

Alipoondoka, Fakihi hakuniambia nifanye nini. Alikaa akisugua goti lake. Na mimi sikumwuliza, kwa sababu niliogopa asije akaniambia niseme kweli.

Asubuhi ya kesi niliapa kwa msahafu. Ndugu msomaji, nakuomba usipite hapa haraka. Mimi nilikaa na aibu hii miaka mingi, wewe kaa nayo dakika moja.

Mwalimu Gregori alikuwa kizimbani, amevaa shati lake la kufundishia. Mkewe, Adelina, alikaa benchi la mbele. Wakili Revelian alinionyesha daftari.

"Mama, daftari hili unalifahamu?"

"Silifahamu."

Alilifunga daftari. "Unajua kusoma na kuandika?"

"Mie sijui. Sijasoma mimi."

Nilimsikia Adelina akivuta pumzi. Wakili alinitazama bila hasira. Mezani kwake palikuwa na kalamu na karatasi tupu. Aliichukua ile kalamu, na mimi nilijua anachotaka. Angenipa niandike jina langu tu mbele ya hakimu, na mwandiko ungesema yaliyobaki. Mwalimu angeokoka, na mimi ningeondoka pale na askari, kwa kusema uongo chini ya kiapo.

Wakili aliomba ruhusa ya kuongea na mteja wake. Akainama kizimbani na kalamu mkononi. Wakanong'ona. Nilimwona Mwalimu akinitazama mimi, kisha akatikisa kichwa. Wakili akasema jambo tena, kwa kusisitiza. Mwalimu akatikisa kichwa mara ya pili.

Revelian alirudi, akaiweka kalamu chini. "Sina swali zaidi, mheshimiwa."

Nilipotoka, karani alinisogezea karatasi ya mashahidi waliofika. Mkono wangu ulikuwa unajua njia ya jina langu, herufi kwa herufi. Nilichovya kidole gumba kwenye wino nikakikandamiza pale.

Mwalimu alifungwa miezi tisa. Darasa likafa. Banda likafungwa kwa mbao.

Sasa sikilizeni yaliyotufika. Mwezi wa tatu wa kifungo chake, binti yangu Somoe alikuja kukaa kwangu na kitoto chake cha miezi saba. Somoe alikuwa amekauka maziwa, na mtoto akaanza kupungua. Shingo ilibaki kama kijiti. Tulikwenda kliniki Jumatano tukaambiwa maziwa yamekwisha. Jumanne iliyotangulia, Fakihi alikuwa amelifungua lango kwa mkono wake, mkokoteni ukapita na makopo. Jumatano ile jioni alirudi nyumbani, akakaa akiegemea ukuta, akaniambia, "Nimeyafungulia mlango maziwa ya mjukuu wangu." Hakula siku ile.

Asubuhi moja nilisikia hodi. Alikuwa Adelina, mke wa Mwalimu. Alikuwa na mbuzi mmoja nyuma ya nyumba, na watoto wake wanne walikuwa wanamtegemea mbuzi huyo. Alishika kikombe kilichofunikwa na kisahani.

"Nimesikia mtoto wa Somoe hali," alisema. "Yachemshe kwanza."

Nilikipokea kikombe kwa mikono miwili. Kesho yake akaja tena, na kesho kutwa. Siku ishirini na zaidi alikuja, akabisha, akatoa kikombe, akachukua kile cha jana, akaenda zake. Mahakama hakuitaja hata siku moja. Mtoto alianza kutafuta kikombe kwa macho anaposikia hodi. Angenitukana ningepona mapema. Kile kikombe kilinichoma kuliko matusi.

Nikapanda basi mpaka Kinondoni. Wakili Revelian alinikaribisha kama siku ya kwanza, akavuta kiti. Nikamwambia yote, tangu Leonardi mpaka mbuzi. Nikamwuliza kwa nini siku ile hakunipa kalamu.

"Nilitaka, mama. Nilimwomba mara mbili. Lakini wakili hubeba neno la mteja wake, na mteja wangu alisema, 'Sikumfundisha kuandika ili maandishi yamfunge.'"

Nililia pale kitini. Aliniacha nilie, akafungua dirisha, akaniletea maji. Kisha akanieleza kwamba rufaa bado ipo Mahakama Kuu, na kiapo changu kipya kinaweza kusaidia. Lakini hakunificha upande wa pili: karatasi ile ingeweza kunipeleka mimi alikokuwa Gregori. Akaniambia nirudi nyumbani kwanza nikafikiri.

Nikamwambia nimekwisha fikiri miezi mitatu.

Niliandika kwa mkono wangu mwenyewe, kurasa mbili, kutwa nzima. Tulikwenda kwa ofisa wa viapo, na karani wake, kijana mwenye haraka, alipotazama ushungi wangu akanisogezea kidau cha wino wa mhuri. Nikakirudisha. Nikaomba kalamu. Mwajabu binti Hemedi.

Kwa rufaa ile Mwalimu alitolewa gerezani miezi miwili kabla ya muda wake. Mimi nilishtakiwa, nikapewa kifungo cha nje na onyo kali mbele ya watu, na nilistahili zaidi ya hapo. Fakihi alipoteza lango, tukaishi kwa vitumbua vyangu. Bwana Leonardi alihamishwa tu, pengine yuko na lango jingine. Maziwa yalirudi kliniki, lakini watoto waliozikwa katikati ya miezi ile hawakurudi, na mama zao napishana nao bombani mpaka leo.

Siku Mwalimu aliporudi nilikwenda kwake. Amekonda, nywele zimeingia mvi. Nilipiga magoti uani pake. Akaniinua kwa kiwiko.

"Bi Mwajabu," akasema, "daftari lako liko kwa wakili. Mistari ya Jumanne nyingi hujaiandika."

FUNZO LA HADITHI HII

Jirani zangu, tunasema mwizi ni yule anayetoa makopo kwenye lango. Ni kweli. Lakini mwizi yule alilindwa na watu saba waliofunga milango, na mwanamke mmoja aliyekana kalamu yake. Mtu akisimama kusema kweli kwa ajili yenu, msimpigie vigelegele siku ya gazeti mkamwacha peke yake siku ya mahakama. Wakili hata awe hodari namna gani, hana cha kusema kama sisi tulioona tunakaa kimya. Nanyi mliojifunza kusoma na kuandika, msikubali hofu iwarudishe kwenye wino wa mhuri. Wino wa siku ya kesi nilikwisha kuuosha kwa sabuni siku ileile, ukatoka. Mjukuu wangu, yule wa Somoe, sasa ananiuliza kwa nini, nikimaliza kuandika, nakificha kidole gumba ndani ya kiganja. Leo nimempa kurasa hizi asome mwenyewe.