Kiraka cha Bani la Nne

Mashine haina kinyongo, watakuambia, na mimi sina muda wa kubishana na mtu. Lakini ile kompyuta ya mabani ya Adriano, yale majengo ya kukaushia tumbaku, pale nje ya Tabora, kando ya njia ya zamani ya misafara, mchana ule iligoma kama mtu mwenye neno rohoni.

Shamila, fundi wake, alikuwa anaitia kiraka. Ndiyo, kiraka, kama cha suruali, isipokuwa suruali yenyewe imevaliwa na mvaaji anakimbia. Kwenye kiini cha mfumo, ile sehemu inayoamuru kila kitu, lilipatikana tundu la kupenyea wezi. Kuzima na kuwasha upya, Adriano hataki hata kusikia, maana kompyuta hiyo ndiyo inayoshika moto na milango ya mabani yote, na ikizimwa katikati ya ukaushaji jani linaoza. Kwa hiyo kiraka kinawekwa pembeni, halafu kila kazi inayoendeshwa inaachwa ijitoe yenyewe kwenye kipande kibovu, ndipo inavuka kwenda kipya. Unasubiri. Hata ikibaki moja ndani, hulazimishi.

Kazi zote zilivuka. Ikabaki moja, ya mlango wa bani la nne. Imelala inasubiri jibu, na bani lenyewe halijawashwa tangu Lukumani apotee.

Lukumani alikuwa mdogo wake Shamila, wamenyonya ziwa moja, mpakiaji wa majani humo mabanini. Siku alipopotea Adriano aliwatangazia watu kwamba kijana katoroka, kamfuata mwanamke Ulyankulu. Mama yao mpaka leo anamwekea chakula, anakifunika, asubuhi anawapa kuku. Shamila aliomba kazi pale kwa jambo moja tu: ampate mdogo wake, mzima au maiti, amzike kama watu wanavyozikwa.

Basi akiwa anaikodolea macho ile kazi moja, harufu ikaingia. Tumbaku inayoungua, na ndani ya tumbaku, nywele. Kisha kikohozi upande wa bani la nne.

"Mama Mhoja," aliita kwa sauti ya chini, "kuna mtu kule?"

Mama Mhoja ndiye mwita milango. Mabani yana kuta nene, kwa hiyo kila moja lina kipaza sauti. Kabla halijafungwa, yeye huita, waliomo wakaitika na kutoka, na pakiwa kimya ndipo anaijibu kompyuta kwamba bani ni tupu. Babu zake walikuwa wapagazi wa misafara, na anasema nao walikuwa wakiitana hivyo kabla ya kung'oa kambi.

"Siku ile sikuita mimi," Mama Mhoja alinong'ona. "Bosi alinituma sokoni. Akafunga mwenyewe, lori lilikuwa linamsubiri. Nimeogopa kusema, mwanangu, nimekula hofu miaka yote hii. Njia hii ina jini wake, mbebaji. Mtu akiachwa bila kuzikwa, humbeba. Hamtui mpaka ampate aliyemwacha, ambebe yeye."

Shamila alitaka kumkaba koo yule mama. Hakuwahi, kwa sababu Adriano aliingia, mtu mzima wa kuwa baba yake, funguo za gari zinalia mkononi.

"Bado tu? Lazimisha, binti! Nimeambiwa amri ya kulazimisha ipo."

"Ipo, bosi. Lakini kama kuna kitu bado kimo ndani, utakiua."

"Ndani kuna nini? Lazimisha!"

Shamila hakugusa amri hiyo. Alivuta kipaza sauti cha bani la nne, akaita kama anavyoita Mama Mhoja, bani la nne, kuna mtu, na kikaja kikohozi kilekile, kisha pumzi ya mtu aliyeegemeza mdomo kwenye chuma cha moto, kisha sauti ambayo Shamila aliijua tangu ikiwa ya kitoto.

"Nipo, dada. Kuna joto."

"Niliita!" Adriano alipiga kelele. "Wallahi niliita, hakuitika!"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Uliita nani, bosi?" Shamila alisema.

Adriano alicheka kicheko cha mtu aliyekamatwa. Wahuni wameweka redio humo, alisema, atawaonyesha, na akatoka mbio, akaufungua mlango wa bani la nne kwa mikono miwili, akaingia. Mlango ukajifunga. Kwenye kioo cha kompyuta likatokea swali: bani ni tupu?

"Nifungulie! Shamila!"

"Umemweka wapi?"

"Nifungulie kwanza, linawaka!"

"Umemweka wapi, mwanaharamu wewe?"

"Njia ya Ipole! Nyuma ya tanuri la matofali, kwenye shimo! Nilikuta ameshakufa, ningefanyaje? Nihurumie!"

Shamila alimwacha alie. Nisikufiche, alimwacha mpaka roho yake ikaridhika kidogo, ndipo akajibu: hapana, si tupu. Kazi iliyogoma ikaamka, ikavuka, kiraka kikakamilika. Mlango ukafunguka.

Adriano alitoka bila hata alama ya moto, anatembea taratibu, mguu wa kushoto anauvuta kama Lukumani alivyokuwa akiuvuta. Akasimama mbele ya fundi wake, ambaye yeye alimzidi umri mara mbili, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," Shamila aliitika, machozi yanamtiririka.

Jioni ileile yule aliyetoka banini aliwapeleka mpaka kwenye shimo, akawaonyesha mbele ya polisi, na mifupa ilipoinuliwa akaketi kando, akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo, akafa. Daktari alisema shinikizo la damu. Lukumani alisaliwa na kuzikwa. Ndugu zake Adriano nao walimzika wao, kwa kwaya na mashada, na waliolia walilia kweli.

Aliporudi kazini, Shamila alisikia kipaza sauti cha bani la nne kikikwaruza.

"Binti," Adriano alilia humo ndani, "naungua. Nitoe."

"Izime hiyo kompyuta, mwanangu," Mama Mhoja alimsihi. "Mbebaji anambeba humo humo. Ikizimwa, atamtua apumzike."

Warithi nao wanataka kuitupa, wanunue mpya. Shamila amewakatalia, inafanya kazi, anawaambia, ya nini kupoteza msimu? Kila tundu jipya likitangazwa analitia kiraka mashine ikiwa inakwenda, polepole, anasubiri kila kazi ivuke salama, halazimishi hata moja. Anaogopa isije ikazimika, Adriano akapumzika.