Mahali pa Kumpeleka Ilpo

Ndugu zangu, nitegeeni sikio, maana yaliyompata Hilkka yanaweza kumpata yeyote kati yetu.

Jumamosi hiyo nyumba yake ilinukia mikate ya iliki. Sauna, kile chumba cha kuogea mvuke, ilikuwa inapata moto uani. Saimi, binti wa pekee, alikuwa anapanga vikombe mezani. Baba yake, Ilpo, fundi umeme anayejulikana mji mzima wa Savonlinna, huko Ufini, kwa kazi safi, alikuwa juu ya ngazi akibadilisha taa ya barazani. Ungepita njiani ungesema hawa wamebarikiwa.

Mara kishindo. Hilkka alipotoka mbio alimkuta mumewe amekaa kwenye theluji, anacheka peke yake. Chupa ya chai ilikuwa imemwagika kando yake, na kilichomwagika hakikuwa chai.

"Baba, saa tano asubuhi!" Saimi alisema.

"Nimeteleza tu, mwanangu. Ngazi hii imezeeka."

"Ngazi tumeinunua juzi, baba."

Ulikuwa mwaka wa sita wa pombe, na wa tatu wa vidonge vya usingizi vilivyokuwa vikiongezeka kila mwezi. Mara ngapi Hilkka alikuwa amepiga simu kazini kwa mumewe kusema ana mafua? Msimcheke. Wangapi kati yetu hatujawahi kumsemea uongo mtu wetu?

Siku hiyo, mikate ikipoa mezani, Ilpo aliinamisha kichwa. "Hilkka, nimechoka. Nitafutie mahali nikatibiwe. Ila upesi, kabla sijabadili mawazo."

Hilkka alikuwa ameyangoja maneno hayo kwa miaka. Alichukua simu na kufungua ukurasa wa kituo cha kwanza chenye picha nzuri: ziwa, farasi, watu wanaotabasamu. Siku kumi tu, waliandika, maisha mapya. Akapiga namba yao. Mwanamume mmoja alipokea, sauti laini kama siagi.

"Mama, umepiga wakati mzuri. Nafasi imebaki moja. Ukisitasita, jioni huikuti."

"Daktari yupo?"

"Tuna wataalamu wa kila aina, wala usijali. Mlete Jumatatu. Ila kuanzia sasa aache vyote, pombe na vidonge, aje akiwa msafi."

Hilkka alitaka kuuliza zaidi. Akaogopa kuikosa nafasi, akasema ndiyo. Kwa mikono yake mwenyewe alimwaga kila kitu kwenye sinki la jikoni.

Jumapili mchana Ilpo alikuwa anatetemeka, jasho linamtiririka, anamwita mbwa wao aliyekufa zamani. Kisha akaanguka jikoni, mwili ukimrukaruka, macho yamegeuka meupe. Saimi aliita gari la wagonjwa huku analia. Hilkka alikuwa sakafuni, amemlaza ubavu, amekishika kichwa chake, anasema neno moja tu, "Nimemuua, nimemuua."

Hospitalini daktari aliuliza, "Nani aliyemwambia aache vyote kwa mpigo?"

"Kituo tulichokichagua."

"Na hicho kituo kina daktari?"

"Nilipouliza, waliniambia wana wataalamu wa kila aina."

"Mama, mwili uliozoea pombe na vidonge miaka yote hiyo huachishwa polepole, daktari akiwa karibu. Kuukatia ghafla kunaweza kuua."

Ilpo hakufa. Siku ya tatu alifumbua macho akamtazama mkewe. "Mke wangu, kumbe ulitaka nife nikiwa msafi?" Hilkka alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akalia kweli.

Safari ya pili hakukimbilia simu. Wakati Ilpo bado yuko wodini, ofisa wa ustawi wa jamii alimpa majina ya vituo vitatu, naye akavitembelea vyote na Saimi, maswali yameandikwa kwenye daftari. Kwenye cha kwanza walikataa kuwaonyesha vyumba. Cha pili kilikuwa kizuri, lakini hakikupokea watu wa vidonge. Cha tatu kilikuwa shule ya zamani, rangi imebanduka, ukumbi wote unanuka supu ya njegere. Msimamizi, mama mmoja mnene aitwaye Marketta, aliuliza maswali mengi kuliko yale ya daftari: Ilpo anatumia nini, kiasi gani, tangu lini, anaumwa nini.

"Mnaahidi atapona?" Hilkka aliuliza.

"Hapana. Anayekuahidi hivyo anakudanganya. Naahidi daktari atamwona kila siku, nanyi mtakuja kila Jumatano tuzungumze pamoja. Akitoka tutamfuatilia mwaka mzima. Akiteleza, apige simu. Hatutamfokea. Na wewe, dada, nani anakuangalia?"

Miaka sita hakuna aliyemuuliza hivyo. Hilkka alifunga daftari.

Ilpo alipoletwa alitazama huku na huku. "Farasi wako wapi?"

"Farasi hatuna," Marketta alimjibu. "Tuna taa mbovu. Nasikia wewe ni fundi."

"Kumbe mmeniita kazini!"

Alikaa miezi mitatu. Majira ya kuchipua aliteleza mara moja, kwenye sherehe ya kumuaga mwenzake kazini, na siku iyo hiyo akampigia Marketta mwenyewe, bila kusukumwa. Walimrudisha wiki mbili, kisha akaendelea.

Sasa ni mwaka wa pili tangu atoke kituoni. Juzi Hilkka aliamka saa tatu, jua limejaa chumbani, akashangaa amelala usiku kucha bila kusikiliza mlango kama Ilpo amerudi. Jikoni baba na binti walikuwa wanabishana nani kaunguza uji. Hakuinuka kuwaamua. Alivuta blanketi, akalala tena.

FUNZO

Ndugu zangu, mpendwa wenu akisema nisaidieni, msimcheleweshe, lakini msimtupe popote. Ulizeni kama kuna daktari. Nendeni mkaone kwa macho yenu. Ulizeni atakavyosaidiwa akishatoka, na kama familia ina nafasi humo. Anayewahimiza muamue leo leo, na anayewaahidi uponyaji wa hakika, mwogopeni. Wala msimwachishe mtu pombe na vidonge kwa mpigo nyumbani. Muulizeni daktari kwanza. Hilkka aliepuka majuto kwa bahati. Ninyi msiitegemee bahati.