Viganja vya Bi. Tausi

Mikono iliyokuwa inakwenda kumwosha Bi. Tausi Mrisho siku ile ilikuwa mikono yake mwenyewe.

Kwa mtu wa zama nyingine hayo yangekuwa mafumbo, lakini Tabora ya wakati huo ingeyaelewa bila kuelezwa. Viganja-fundi vilikuwa vimeingia kila nyumba, kuanzia Isevya hadi Ng'ambo. Kwa sura vilikuwa glavu tu, vyembamba, vya rangi ya majivu, vinavyofika hadi kwenye viwiko. Ndani yake zilipita nyuzi nyembamba kuliko unywele, zikijikaza na kujilegeza kwa umeme kama misuli ya mtu. Ulivivaa, ukataja kazi, navyo vikauchota ustadi wa kazi hiyo kutoka Ghala la Ustadi na kukuongoza mikono hatua kwa hatua. Kijana asiyejua hata kushika wembe alimnyoa babu yake ndevu bila kumkwaruza. Bibi harusi ambaye tangu azaliwe hajapata kuinjika sufuria aliwapikia wakwe wali ulioiva punje kwa punje, wakwe wakamsifu malezi. Watu walisifiwa kwa kazi wasizozijua, na sifa ni kitu kitamu, hakuna aliyezikataa.

Kila ustadi uliokuwamo Ghalani ulikuwa umetoka kwa mtu. Fundi alivalishwa kinasa, yaani viganja vinavyorekodi badala ya kuongoza, akafanya kazi yake kama alivyozoea. Kisha wahandisi waliisafisha rekodi, wakaondoa makosa na kukohoakohoa na kujikuna, wakaiweka Ghalani ili itumike na wote. Fundi wa kuosha maiti wa kike alikuwa Bi. Tausi. Mhandisi aliyeisafisha rekodi yake alikuwa binti yake wa pekee, Siwema Kapaya, ambaye ndiye aliyebuni viganja vyenyewe.

Basi alfajiri ile Bi. Tausi alifariki. Kiharusi kilikuwa kimemlaza miaka miwili, mkono wake wa kushoto ukakunjika kifuani na ngumi ikafumba, na haukufumbuliwa tena. Jua lilipopanda alikuwa amelazwa juu ya kitanda cha kuoshea katika chumba cha uani, amesitiriwa kwa shuka, udi unafuka pembeni. Maji ya mkunazi yalikuwa tayari kwenye ndoo, na kafuri iliyopondwa ilikuwa kwenye bakuli, ikingojea maji ya mwisho. Nje wanaume walikuwa wakikunja mikeka ya kisomo, kwa sababu maziko yalipangwa baada ya sala ya adhuhuri.

Waliokuwa chumbani ni wanawake watatu. Siwema, mwenye msiba. Bi. Zamda, jirani wa miaka mingi, ambaye viganja vilikuwa vimemfanya mwosha wa mtaa. Na Kuruthumu, mwanamke wa makamo asiye na maneno mengi, aliyekuwa naye amevaa viganja, akimsaidia Bi. Zamda kumimina maji. Mwaka uliotangulia Kuruthumu alikuwa amemwosha binti yake mwenyewe, Shani, msichana wa miaka kumi na tisa.

Siwema alisimama karibu na mlango. Ukweli ni kwamba alikuwa hajapata kuosha maiti hata mmoja. Aliwaogopa tangu utotoni, na mama yake hakumlazimisha.

"Sogea, mwanangu," Bi. Zamda alimwambia. "Wewe ndiye mwenye haki naye zaidi. Vaa, vitakuonyesha. Hata kufikiri hutakiwi, nia yako tu."

Suala hilo la nia lilikuwa limewashughulisha mashekhe wakati viganja vilipoingia. Kuosha maiti ni faradhi ya kutoshelezana: wakiifanya wachache, waliobaki wamesalimika, asipoifanya yeyote, mji mzima una dhambi. Je, kikiosha chombo, nani kaosha? Walijadiliana wee, mwisho wakakubaliana kwamba mwenye nia ndiye mwosha, na kiganja ni chombo kama kata ya maji. Siwema alifurahi sana siku ile, maana waosha wa zamani walikuwa wanakwisha na vijana walikuwa wanaikimbia kazi. Aliamini kabisa kwamba ameuokoa mji na dhambi.

Alivaa. Akasema, "Josho la mwanamke." Viganja vikamkaza taratibu, vikaianza kazi.

Hakuwa amejiandaa kwa alichokihisi. Mikono yake ilianza kwenda kwa mwendo alioujua. Namna ile ya kupitisha kidole nyuma ya sikio, halafu kurudi na kupitisha tena kana kwamba mara ya kwanza haikuhesabika, ndivyo alivyokuwa akiogeshwa yeye mwenyewe uani, akipiga kelele kwamba sabuni inamwingia machoni. Mama yake alikuwa amelala mbele yake hana pumzi, na papo hapo alikuwa ndani ya mikono yake, mzima, mwenye nguvu. Machozi yalimtoka. Kwa muda huo mfupi Siwema aliona fahari juu ya kazi ya maisha yake.

Viganja viliosha kichwa. Viliosha upande wa kulia, bega hadi mguu. Kisha vikahamia kushoto, vikaufuata ule mkono uliokunjika.

Kimoja kilishika bega, kingine kikashika kifundo cha mkono, vikaanza kuvuta. Mkono haukuja. Viganja viliongeza nguvu. Siwema alisikia nyuzi zikijikaza juu ya vidole vyake, na chini ya nyuzi hizo akausikia mkono wa mama yake ukipinga, halafu kitu ndani ya kiwiko kikalia, kwa sauti ndogo, ta!

"Legea!" alipiga kelele. "Legea! Legea!"

Hilo ndilo lilikuwa neno la kuvisimamisha. Viganja vililegea palepale. Siwema alirudi nyuma hadi ukutani.

Bi. Zamda alimshika bega. "Usiogope, mwanangu. Viache vimalize. Huwa panalia hivyo."

"Huwa?"

Bi. Zamda aliangalia sakafu. Alijua amesema lisilosemwa. Mwosha hatoi nje alichokiona kwa maiti. Akiona alama haisemi, akisikia harufu haisemi. Ni amana, na mwenye kuivunja hapewi maiti mwingine. Waosha wote wa mji ule walikuwa wamelelewa juu ya neno hilo.

"Huwa, Bi. Zamda?" Siwema alirudia. "Mara ngapi?"

Aliyejibu ni Kuruthumu. "Na wewe huwa unasikia, Bi. Zamda? Nilidhani ni kwangu tu."

"Na mimi nilidhani ni kwangu tu," Bi. Zamda alisema polepole. "Nilidhani ni uzee wangu, sivai sawasawa. Ningemwambia nani? Ya maiti hayasemwi."

Siwema alikaa juu ya kigoda. Viganja vyake vilikuwa na kizuizi cha uchungu, na yeye ndiye aliyekitunga. Vilisikiliza mwili unaoshughulikiwa: ukishtuka, ukivuta pumzi, ukijikaza, vinapunguza nguvu. Ndiyo maana havikuwahi kumwumiza mtoto wala mzazi. Lakini maiti hashtuki. Na katika miaka yote ile hakupata lalamiko hata moja kuhusu josho. Alilitaja mara kwa mara kwenye mikutano kuwa kazi isiyo na dosari. Kumbe waliokuwa wakiiona dosari ni wale walioapa kunyamaza, kila mmoja peke yake na siri yake.

Lakini mama yake alikuwa hafanyi hivyo. Hilo alilijua. Bi. Tausi asingevunja hata mguu wa kuku wa mwenzake.

Hapo akaikumbuka mistari. Rekodi ya mkono huonekana kwenye kioo kama mstari unaopanda na kushuka. Ya mama yake ilikuwa na mahali pengi ambapo mstari ulilala kabisa, mikono haisogei, dakika baada ya dakika. Siwema alipaita mapumziko. Alimwonea huruma mama, mtu mzima, mgongo unamwuma, akayakata yote, josho la saa mbili likawa la chini ya saa moja. Wenzake walimpongeza. Sasa, akiwa amekaa pale kwenye kigoda, aliiona tena mistari ile na mahali ilipolala: penye bega, penye kiwiko, penye goti, penye taya. Kila palipokuwa na kiungo, mama yake alisimama. Alikuwa hapumziki. Alikuwa ameshika, anasubiri kiungo kikubali.

Sauti ya shekhe ilisikika nje ya mlango. "Mmefika wapi, kina mama? Adhuhuri inakaribia."

"Bado!" Siwema alijibu, kwa ukali ambao hakuukusudia.

Alivua viganja, akaviweka chini. Mikono yake ilitoka myeupe kwa jasho, laini, mikono ya mtu ambaye hajafua wala kupeta. Nguo ya kuazima haisitiri matako, wahenga walisema, na Siwema alijiona uchi mbele ya wanawake wale wawili. Alilowesha kitambaa kwenye maji ya vuguvugu, akakifunga kwenye kiwiko cha mama yake, akakishika kwa viganja vyake alivyopewa na Mungu. Hakujua akaze kiasi gani. Hakujua asubiri mpaka lini. Maji yalimchuruzika hadi kwenye nguo, akamlowesha mama pasipotakiwa, Bi. Zamda akasitiri haraka.

Alisubiri. Kitambaa kilipoa, Kuruthumu akamletea kingine. Bega ndilo lililoanza kulegea. Siwema alilihisi likishuka kidogo chini ya mkono wake, kidogo tu, akashtuka, maana hakuna kioo ambacho kingemwonyesha kitu kidogo kiasi kile. Kwapa likapatikana, likaoshwa. Kiwiko kilikataa. Kiharusi kilikuwa kimekifunga tangu Bi. Tausi akiwa hai, na hakuna kitambaa ambacho kingekifungua.

"Tumwache alivyo," Siwema alisema. "Sanda itamtosha hivyohivyo."

Bi. Zamda alitikisa kichwa kukubali. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, yaliyotokea humu yanabaki humu. Utarekebisha huko kwenye mitambo yako, na Mungu ni mwenye kusamehe. Hakuna haja ya kuwatonesha watu vidonda."

Lilikuwa neno la huruma, na Siwema alitamani kulishika. Njia ilikuwa wazi na ilikuwa na heshima ya dini juu yake. Angerudi kazini, akairekebisha rekodi kimya kimya, na mji usingejua.

Lakini Kuruthumu alikuwa ameweka kata chini.

"Dada Siwema," alisema. "Shani wangu alikufa ameshika shuka, vidole vimefumba. Viganja vilimfumbua. Kimoja kimoja. Nilisikia vyote. Nikajiambia ndivyo kifo kilivyo, hakina adabu kwa mtu, nikakaa nalo mwaka mzima. Ningesubiri, vingefunguka?"

"Maiti hasikii, Kuruthumu," Bi. Zamda aliingilia.

"Mfupa wa maiti una heshima ya mfupa wa aliye hai. Sote tumefundishwa. Namwuliza yeye."

Siwema aliutazama mkono wa mama yake. Kisha akamtazama Kuruthumu usoni, kwa kuwa aliona hilo ndilo dogo kabisa analodaiwa.

"Vingefunguka," alisema. "Haikuwa lazima. Mama alikuwa anasubiri, mimi nikakata kule kusubiri kwake. Sikumwuliza kwa nini."

Kuruthumu hakulia wala hakumtukana. Alivua viganja vyake, akaviweka juu ya vile vya Siwema, akachukua bakuli la kafuri na kuimimina kwenye maji ya mwisho.

"Shika kichwa," alisema. "Maji yanapoa."

Bi. Tausi alizikwa baada ya alasiri badala ya adhuhuri, na wapo walionung'unika.

Kesho yake, wanawake wa kila mtaa walipokuwa wamejaa ukumbini kwa matanga, Siwema alisimama katikati ya mikeka akawaeleza. Aliwaeleza mistari, na alichokikata, na sauti ile. Hakutaja jina la maiti wa mtu yeyote. Alipomaliza, mikono ilionekana ikijificha chini ya kanga. Hatimaye bibi mmoja aliyekaa karibu na mlango akauliza, "Na mama yangu?" Mwingine akauliza, "Na wifi yangu, yule aliyekufa mwezi wa Ramadhani?" Na mwingine, na mwingine. Siwema aliwajibu kila mmoja jibu lile lile, na halikuwa jepesi zaidi kwa kulirudia.

Kisha Bi. Zamda, ambaye kutwa nzima alikuwa hajamwangalia usoni, akainua kichwa. "Haya. Tumesikia. Basi turudishie kile ulichokikata."

"Nilikifuta, Bi. Zamda. Na hata ningekuwa nacho, kingewaonyesha kwamba mikono haikusogea. Hakisemi ilikuwa inahisi nini."

"Basi tufundishe kwa mikono, bila hayo madude. Kiungo kinashikwaje? Kinasubiriwa mpaka lini? Mtu anajuaje kwamba sasa kimekubali?"

Wanawake walisogea mbele juu ya mikeka, viganja vitupu mapajani, wakingoja. Siwema aliwatazama wote, waosha wa mji mzima.

"Sijui," alisema. "Aliyekuwa anajua tumemzika jana."