Tegu Asiye na Kichwa

Kila asubuhi ya likizo ile nilikuwa na kazi moja kabla ya kula mkate wangu na jibini: kubadilisha maji katika visahani vya Shangazi Radka. Shangazi alichunguza tegu, minyoo wanaoishi matumboni mwa ndege wa mwituni, katika kituo kidogo kando ya maziwa ya chumvi ya mji wa Burgas. Wavuvi walimletea ndege waliofia nyavuni, naye akatoa matumbo yao na kuyalaza majini. Mimi Nevena nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilijiona daktari mwenzake.

"Tegu hana mdomo wala tumbo," alinifundisha. "Anafyonza chakula kwa ngozi. Mwili wake ni pingili tupu, na kila pingili ina viungo vyake vya uzazi. Ila kumtambua, lazima uone kichwa. Unahesabu ndoano anazojishikizia. Bila hizo, utajuaje ni wa ukoo gani?"

Jumanne moja aliletewa kibisi, ndege mdogo wa majini apigaye mbizi. Utumboni mwake mlikuwa na tegu mmoja tu, mwembamba kama uzi. Shangazi aliinama kwenye hadubini mpaka chai yake ikapoa.

"Pingili kama hizi sijaziona katika miaka yangu yote kumi na tisa ya kazi," alisema. "Nafika posta mara moja. Mwache majini mpaka ajiachie mwenyewe, kisha mtie chupani. Usimvute, mwanangu. Ukimvuta atakatika."

"Sawa, shangazi."

Hata hajafika mbali, Plamen wa jirani akaita dirishani. "We bibi minyoo! Twende tukaogelee! Au ushaolewa na hao tegu?"

"Nisubiri kidogo!"

"Nahesabu mpaka mia, basi!"

Nikashika kibano, nikavuta. Tegu akakatika shingoni. Kichwa kilibaki kimezama utumboni. Nikakikwangua ovyo, kikanipotea, nikamwaga maji yote. Kisha, Mungu anisamehe, nikachukua kichwa cha tegu wa shakwe, ndege wa pwani, kutoka kisahani kingine, nikakitia chupani pamoja na mwili ule. Nikaenda kuogelea, na nilicheka kuliko wote.

Jioni shangazi alinikumbatia. "Nevena! Kila pingili ina korodani tatu, kama ukoo mmoja. Lakini kichwani ndoano ishirini, safu mbili, kama ukoo mwingine kabisa! Huyu hajulikani duniani. Nitamwandikia profesa wangu kule mjini Sofia. Na tukimpa jina, tutampa lako wewe."

Tikiti maji nililokatiwa nililisukuma kando.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa ya siku mbili. Alhamisi, shangazi alipokuwa akifunga bahasha, nilishindwa kujizuia.

"Shangazi, usiipeleke. Kichwa kile ni cha tegu wa shakwe. Yule wa kibisi nilimvuta, akakatika."

Aliweka bahasha chini taratibu. "Na cha kwake kiko wapi?"

"Nilikimwaga na maji."

Hakunipiga wala hakufoka. Afadhali angefoka. Aliichana barua, akakitoa kile kichwa cha tegu wa shakwe, akakirudisha kilikotoka. Halafu akabandika karatasi kwenye chupa: *Kibisi. Kichwa hakipo. Hajulikani.*

"Kwa hiyo sijaharibu sana?" niliuliza huku nalia.

"Umeharibu, siwezi kukudanganya. Pengine alikuwa wa aina mpya kweli, na sasa hatutajua." Alinifuta machozi kwa kiganja. "Lakini 'hajulikani' ni neno la kweli, mwingine anaweza kuanzia hapo. Uongo wako ungeingia vitabuni, watu wakazeeka wakimtafuta mnyama ambaye hayupo. Mkono wako ukikosea, Nevena, mdomo usiongeze. Sema siku hiyo hiyo."

Plamen alipokuja kuniita tena, nilimwambia aende peke yake. Nilivuta kiti karibu na shangazi, nikajifunza kungoja.

Sasa kazi ile ni yangu. Nimefungua vibisi wengi, na pingili zile sijaziona tena. Shangazi amefariki, chupa iko mezani kwangu. Mwanafunzi mgeni akiuliza kwa nini tegu huyu hana kichwa, sisemi kilipotea. Namwambia nilikimwaga mimi.